Mwaka Mmoja Baada ya Kisu

Upasuaji wa kunyanyua matiti huchukua saa mbili hadi nne. Kovu lake huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa. Katika tofauti hiyo ya muda ndimo matatizo mengi yanamozaliwa, na ndimo pia yanamotibika. Mwanamke wa Arusha aliyepasuliwa Dar es Salaam, Nairobi, India au Uturuki humwona daktari wake kwa siku chache. Miezi yote inayobaki anakaa na kidonda chake nyumbani, Sakina, Njiro, Tengeru au Usa River, akijitazama kwenye kioo na kujiuliza kama mikunjo anayoiona kuzunguka chuchu itaondoka au ndiyo imekuja kukaa.

Swali lake linastahili jibu la kitaalamu na la heshima. Mara nyingi halipati lolote kati ya hayo mawili. Akimwuliza ndugu, anaambiwa alijitakia. Akienda zahanati, muuguzi anaogopa kugusa kazi ya daktari mwingine. Akiandika ujumbe kwa aliyemfanyia upasuaji, anajibiwa asubiri. Kusubiri huko ni ushauri sahihi kwa sehemu, lakini hakuna anayemfundisha namna ya kusubiri.

Ninachotaka kusema ni hiki: makunyanzi na makovu mengi yanayofuata upasuaji wa matiti hurekebishika, ila marekebisho huanza siku ile ile kidonda kinapofungwa, kabla ya kufikiria kurudi chini ya kisu. Na watu wa Arusha hawahitaji kulitafuta somo hili mbali. Wamekwisha kulijifunza kwa watoto wao walioungua moto.

Tuanze na kisu chenyewe. Titi lililolegea lina ngozi nyingi kuliko nyama iliyobaki ndani yake. Wengi hulaumu kunyonyesha, lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 haukukuta kwamba kunyonyesha kwenyewe kunaangusha matiti. Yaliyoonekana kuhusika ni umri, idadi ya mimba, unene, ukubwa wa matiti na uvutaji wa sigara. Daktari anaponyanyua titi huondoa ngozi ya ziada, hupandisha chuchu na kuijenga upya nyama ya ndani. Yako makato ya aina tatu. Kato la kwanza huzunguka weusi wa chuchu tu. La pili huongeza mstari wa wima kushuka hadi chini ya titi. La tatu huongeza pia mstari wa kulala kwenye mkunjo wa chini, na kovu lake huwa na umbo la nanga. Kielelezo cha kato hili la tatu kilichorwa na daktari Mmarekani Robert Wise mwaka 1956, na bado kinatumika duniani kote.

Wagonjwa wengi wangechagua kato la kwanza, kwa kuwa kovu lake ni fupi kuliko yote. Lakini ndilo linalokunja ngozi zaidi. Duara la nje linalokatwa ni kubwa kuliko duara la ndani linaloshonewa, kwa hiyo ngozi iliyozidi lazima ikusanywe kuzunguka chuchu, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kwa kamba. Mikunjo ya aina hii hutarajiwa. Kwa wengi hulainika yenyewe kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kato la wima nalo huacha ngozi iliyokusanyika sehemu ya chini ya titi, na wiki za mwanzo titi huonekana bapa chini na limejaa mno juu. Mwanamke asiyeambiwa hayo kabla huamini kwamba ameharibiwa.

Sababu nyingine zina uzito tofauti. Mwishoni mwa mstari wa kulala, karibu na kwapa au katikati ya kifua, huweza kubaki kijinundu cha ngozi iliyosimama kwa sababu kingo mbili za kidonda hazikulingana urefu. Uzi ulioshonwa ndani unaweza kuivuta ngozi chini. Mafuta ya titi yanaweza kukosa damu, yakafa na kuwa donge gumu linaloacha bonde juu yake. Kidonda kilichoingia usaha au kilichofunguka hupona kwa kovu pana. Na kovu la ndani linaweza kushikana na nyama ya kifua, likaing'ang'ania ngozi isicheze.

Daktari mzoefu huzitenganisha sababu hizi kwa mikono na macho kabla hajafikiria kipimo chochote. Humkalisha mgonjwa wima, mikono ikiwa imelegea kwenye mapaja, akatazama matiti yote mawili kutoka mbele na pembeni. Kisha humwomba ainue mikono taratibu hadi juu ya kichwa. Baada ya hapo huishika ngozi penye mkunjo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaitelezesha kulia na kushoto, juu na chini. Mkunjo unaonyooka na kwenda pamoja na ngozi ni wa juu juu, na muda ni dawa yake ya kwanza. Bonde linalozama zaidi mkono unapoinuka, huku ngozi ikikataa kuteleza, linaonyesha kwamba kovu limeshika chini. Donge gumu linapimwa kwa ultrasaundi, na pengine kwa sindano.

Hapa pana jambo lisilofaa kupuuzwa hata kidogo. Ngozi ya titi kubonyea ni mojawapo ya dalili za saratani. Bonde lililokuwapo tangu wiki za kwanza baada ya kushonwa lina maelezo yake. Bonde au donge jipya linalotokea miezi au miaka baadaye halipaswi kuhesabiwa kuwa kovu mpaka daktari alipime. Na kila anayepimwa matiti kwa mamografia amweleze mpimaji kwamba aliwahi kupasuliwa, maana makovu ya ndani hubadilisha picha.

Sasa turudi kwenye muda. Ngozi iliyoshonwa ina asilimia 3 tu ya nguvu zake za awali mwishoni mwa wiki ya kwanza. Mwishoni mwa wiki ya tatu imefika kwenye asilimia 20 hadi 30. Baada ya miezi mitatu hivi hufikia karibu asilimia 80, na hapo ndipo huishia, hairudi kamwe ilivyokuwa. Lakini macho hayaoni hayo. Kidonda hufunga juu kati ya wiki mbili na tatu, maumivu yakapungua, na mwenye kidonda akadhani amepona. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuinyanyua hadi kichwani na kuishikilia kwa mkono mmoja ni kuvuta ngozi ya kifua kwa nguvu zote. Ndivyo ilivyo kwa mkungu wa ndizi unaoshushwa kutoka Ilboru, jembe la msimu wa masika, mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa, au safari ya bodaboda kwenye barabara ya mawe. Kovu linalovutwa hupanuka au kunenepa. Ushauri wa wiki nne hadi sita bila kubeba mzigo wala kuinua mikono juu una maana tu pale ambapo mtu mwingine atateka maji. Daktari anayetoa ushauri huo bila kuuliza nani atateka maji hajamaliza kazi yake.

Katika miezi ya kungoja kuna kazi ya kila siku, nayo haihitaji mashine. Sidiria laini isiyo na waya, inayobeba titi vizuri, huvaliwa mchana na usiku kwa wiki za mwanzo, ili uzito wa titi usiuangukie mshono. Tepu nyembamba ya karatasi, ile inayouzwa famasi kwa ajili ya kushikizia bandeji, ikibandikwa kwa urefu wa kovu hupunguza mvuto, na hubadilishwa inapoanza kubanduka. Kidonda kikishafunga kabisa, bila gamba wala unyevu, jeli au karatasi ya silikoni ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi miongoni mwa vitu vya kupaka na kubandika. Karatasi hukaa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu angalau. Anayeitumia wiki mbili kisha akaiacha amepoteza fedha zake.

Kukanda nako kunafaa, daktari akisharuhusu, kwa kawaida kuanzia wiki ya nne hivi. Kidole kinawekwa juu ya kovu na kukandamiza mpaka rangi yake ipauke, kisha kinazungushwa taratibu pamoja na ngozi, bila kuteleza juu yake. Dakika chache asubuhi na jioni zinatosha. Lengo ni kuisaidia ngozi iachane na nyama iliyo chini kabla haijashikana nayo moja kwa moja.

Jua la Arusha lina nguvu kuliko hali ya hewa ya ubaridi inavyomfanya mtu adhani. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na kadiri unavyopanda Mlima Meru ndivyo miale inayounguza ngozi inavyoongezeka. Kovu changa likipigwa na jua huweza kubaki jeusi kwa muda mrefu, kwa hiyo lifunikwe kwa nguo isiyopitisha mwanga. Wapo wanaokimbilia mkorogo ili kufuta weusi huo. Krimu hizo zimekutwa na haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali, vitu ambavyo vipodozi haviruhusiwi kuwa navyo Tanzania. Kwenye ngozi inayojijenga upya madhara yake ni makubwa: hudhoofisha kovu, hulipanua, na huacha mabaka yaliyo mabaya kuliko weusi wenyewe. Dawa ya meno, chumvi na majivu pia havina nafasi juu ya mshono.

Kuna makovu ambayo subira na silikoni haviyatoshi. Kovu lililonenepa lakini likabaki ndani ya mipaka ya mshono mara nyingi hupungua lenyewe kwa miezi. Keloidi ni kitu kingine. Huvuka mipaka ya kidonda, huwasha, huuma, na huendelea kukua. Katikati ya kifua ni miongoni mwa sehemu zinazoota keloidi kirahisi, na mstari wa kulala wa kato la nanga huelekea huko huko. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta keloidi kwa takriban watu 8 kati ya kila 100, na kiwango kwa wenye ualbino hakikutofautiana sana na cha wengine. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba weusi wa ngozi ndio unaoleta keloidi. Ukoo na mahali palipojeruhiwa vina uzito.

Ndiyo maana uchunguzi wa keloidi unapaswa kufanywa kabla ya kisu, na ni wa dakika mbili. Mgonjwa anakunja mkono wa blauzi, daktari anatazama bega lenye alama ya chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa. Kama alama ile ni bapa na laini, ni dalili njema. Kama imevimba na kung'aa, kuna jambo la kuzungumza. Kisha anatazama matundu ya masikio, chale kama zipo, kovu la uzazi wa upasuaji, na kuuliza kuhusu mama na dada. Mwanamke mwenye keloidi begani ana haki ya kuelezwa wazi kwamba huenda akabadilisha titi lililolegea kwa kovu linalowasha maisha yake yote, naye aamue akijua.

Keloidi ikishatokea hutibiwa kwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa miezi kadhaa. Hulainisha na kupunguza muwasho, ingawa huweza kupausha rangi na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Kuikata bila tiba nyingine ya kuisindikiza ni hatari: katika tafiti nyingi nusu ya keloidi zilizokatwa au zaidi hurudi, mara nyingine zikiwa kubwa kuliko mwanzo. Baadhi ya wataalamu huongeza mionzi baada ya kukata, lakini kwenye titi uamuzi huo unahitaji uzito wa pekee, kwa sababu mionzi huongeza hatari ya saratani. Kwa wakazi wa Arusha, mahali pa kuanzia panafikika: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na Moshi ni kilomita 80 hivi kwa barabara.

Upasuaji wa kurekebisha huja mwisho. Kwa kawaida haufanywi kabla ya miezi sita, na ni bora zaidi mwaka ukitimia, wakati kovu limelainika na rangi imetulia. Anayekata mapema hukata ngozi ambayo bado imevimba, na huenda akaondoa mkunjo ambao ungeondoka wenyewe. Kijinundu cha pembeni huondolewa kwa ganzi ya eneo, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mikunjo iliyogoma kuzunguka chuchu hufunguliwa na kushonwa upya kwa uzi wa kudumu unaobaki ndani kuzuia duara lisipanuke. Ngozi ikiwa bado imezidi, daktari mwaminifu humweleza mgonjwa kwamba njia ya kuondoa makunyanzi ni kuongeza kovu la wima. Kovu lililoshikana chini hukatwa ndani na kuachiwa, kisha mafuta kidogo yaliyovutwa tumboni au mapajani hujazwa katikati ili lisishikane tena. Sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili, na pengine kazi hurudiwa.

Huduma hizi zimesogea karibu. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia tawi lake la Mloganzila ilianza kutoa upasuaji rekebishi, ule wa matiti ukiwamo. Ni hatua njema, kwa sababu huduma ya hospitali ya umma ina kumbukumbu na uwajibikaji. Lakini Mloganzila iko mbali na Arusha, na kovu huhitaji jicho karibu.

Hapo ndipo somo la watoto walioungua linapoingia. Kwenye miteremko ya Meru baridi ya Juni na Julai huwasogeza watoto kwenye mafiga. Sufuria ya uji ikimwagika, au mtoto mwenye kifafa akianguka motoni, ngozi iliyoungua hupona kwa kujikunja: mkono ukashikana na ubavu, kidevu kikashikana na kifua. Msichana aliyemwagikiwa chai kifuani akiwa na miaka miwili huenda akaonekana mzima hadi balehe. Titi likianza kukua chini ya kovu lisilotanuka, hubanwa, hulala upande, au chuchu huvutwa kutoka mahali pake. Daktari hulikata kovu hilo, huachia titi, na kupachika ngozi iliyochukuliwa sehemu nyingine ya mwili. Mikunjo ya msichana huyo ni ile ile ninayoizungumzia, ila yeye hakuwahi kuchagua chochote.

Madaktari wa hospitali ya Selian na wa Arusha Lutheran Medical Centre (ALMC) waliwapasua watoto kama hao vizuri. Tatizo lilikuwa nyumbani: mtoto mwenye bandeji na plasta akirudi bomani, penye vumbi, mbali na hospitali, bila mtu wa kumnyoosha mkono kila siku, kazi ya daktari hubomoka. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mtaalamu wa tiba kazi kutoka Australia, Sarah Rejman, alianzisha The Plaster House, nyumba iliyoko Ngaramtoni ambamo watoto hukaa baada ya upasuaji kwa wiki na hata miezi, wakafungwa vidonda, wakafanyishwa mazoezi, wakala vizuri, wakaishi na wenzao wenye makovu. Nyumba hiyo imejengwa juu ya ukweli mmoja, kwamba upasuaji ni nusu ya tiba.

Ukweli huo una mizizi ya zamani katika ukanda huu. Shirika la afya la Amref, lililoanzishwa mwaka 1957, lilitokana na mazungumzo ya madaktari watatu wa upasuaji rekebishi chini ya Kilimanjaro: Michael Wood, Thomas Rees na Archibald McIndoe. McIndoe ndiye aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili huko East Grinstead, Uingereza. Aliwatuma wagonjwa wake wenye nyuso zilizoungua waende mjini, baani na sinema, na akawaomba wakazi wawapokee bila kuwakodolea macho. Rees, aliyefanya kazi New York, alikuja kuwa bingwa mkubwa wa upasuaji wa urembo. Watu hao hawakuona ukuta kati ya uso ulioungua na titi lililolegea. Waliona ngozi, mvuto, damu, na mtu anayetaka kuishi bila kujificha.

Nasi tuuvunje ukuta huo. Kauli ya kwamba alijitakia haimtibu mtu. Humfanya mwanamke afiche usaha chini ya sidiria mpaka homa impande, au anunue mkorogo dukani badala ya kuuliza. Kuchagua upasuaji hakumwondolei mtu haki ya kuwa mgonjwa.

Kabla ya kulipa, mwanamke atake mambo yafuatayo kwa maandishi: jina la daktari na usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika, au chombo cha nchi anakokwenda, aina ya kato na picha za makovu ya wagonjwa wenye ngozi kama yake, zilizopigwa baada ya mwaka mmoja, nani atamwona Arusha wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa kumi na mbili, na kama marekebisho yamo ndani ya bei, kwa kuwa bima kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo. Akitoka, aombe muhtasari wa upasuaji, ili daktari mwingine ajue kilichokatwa na uzi uliotumika. Kliniki inayokataa kutoa karatasi hiyo imejieleza vya kutosha.

Na hospitali zetu nazo zina sehemu yao. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, Selian na ALMC zinahudumia majeraha kila siku. Kliniki ya makovu ya siku moja kwa wiki haihitaji jengo jipya. Inahitaji muuguzi aliyefundishwa kukanda na kubandika, tepu, silikoni, sindano za steroidi, na njia ya kuwasiliana na bingwa wa Moshi au Dar es Salaam. Mama aliyepasuliwa kwa uzazi, msichana aliyeungua kifuani, bodaboda aliyechubuka barabarani na mwanamke aliyenyanyuliwa matiti wangekaa kwenye benchi moja, kwa sababu ngozi zao zinapona kwa kanuni moja. Wataalamu wa kazi hiyo wapo, na sehemu kubwa ya ujuzi wake imekuwa ikitumika Ngaramtoni kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kuamua kwamba mwanamke mzima naye anastahili uangalizi tuliokubali kumpa mtoto.